Mpishi Msafi na Kioo cha Kamera

Wiki iliyopita, katika duka moja la picha hapa Nakuru, nilimkuta mpishi wa shamba la Njoro akiuza kamera kuukuu aliyopewa na bwana wake. Mwenye duka aliielekeza dirishani, akaigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Herufi hii nyekundu inaonyesha kioo kilipakwa dawa ya kuzuia mng'ao, ile yenye rangi ya zambarau. Rangi hiyo iko wapi?"

"Lile doa?" mpishi akajibu kwa fahari. "Nililisugua kwa majivu, kama vijiko vya memsabu. Likaisha kabisa."

"Umeharibu kamera, mzee."

Mpishi akavua kofia polepole. "Na ile mpya ya bwana? Hiyo nimeisugua jana."

Nami nikaenda nyumbani mbio kuficha miwani yangu, maana mke wangu ni msafi kumshinda huyo mpishi.