Jiwe Nililoligeuza Uso Nje

Sema niliota, sema jua lilinipiga kichwani. Sibadilishi neno hata moja. Ilikuwa saa saba mchana na nilikuwa na akili zangu timamu.

Mimi ni fundi wa mawe. Tulikuwa tunakarabati kanisa kuukuu katikati ya jiji, lile lenye matao yaliyochongoka juu na vioo vya rangi. Mlangoni kuna kibao cha shaba chenye jina la Mzungu aliyelichora. Na waliochonga mawe yenyewe? Hatajwi hata mmoja.

Wenzangu walikuwa wameshuka kula githeri. Nilibaki peke yangu juu ya jukwaa la ujenzi, nikilegeza jiwe lenye ufa kwenye tao la dirisha, mtu akakohoa kando yangu. Mzee, miguu mitupu, mikono imejaa chokaa mbichi. Ngazi ilikuwa upande wangu, sasa yeye alipandia wapi?

"Hilo ni langu," akasema. "Nyuma nimechonga nyota na jembe. Msinitupe, kijana."

Nikageukia jiwe, nikamgeukia tena, hayupo. Niliogopa, sifichi. Sisi wachongaji hutia alama nyuma ya jiwe, pasipoonekana. Nikalichomoa lile. Nyuma, palipofichwa tangu kanisa lijengwe, kulikuwa na nyota na jembe.

Jioni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akafika na gari lake kutoka Kileleshwa, kwa matajiri.

"Fundi, hilo peleka jaani. Tunaweka la zege."

"Ufa haujaingia ndani, mwenyekiti. Naliziba, litakaa."

"Nimesema jaani. Ukikataa, kesho usije."

Hasira zilinipanda. Mtu ajenge nyumba ya Mungu, halafu atupwe na makopo? Nikasema liwalo na liwe. Alipoondoka nililirudisha mahali pake, ila nililigeuza: nyota na jembe zikatazama nje, kila anayepita azione.

Kesho yake nilifutwa kazi. Wakamleta fundi mwingine alitoe. Alipanda, akashuka mbio, akafunga vyombo vyake bila kumwambia mtu alichoona. Mpaka leo liko pale pale.

Siku hizi najenga kuta za nyumba za wakubwa huko Hurlingham, na jina langu nalichonga mbele, herufi kubwa. Wenye nyumba hununa, wanune. Nawe fundi unayenisikiliza, wakikutuma kulitoa lile jiwe, kataa. Kazi nyingine utapata. Yule mzee hana pengine pa kukaa.