Machela Kwenye Mlango wa Baridi

Madereva wa Gisenyi, mji wetu kando ya ziwa, walipaita Mlango wa Baridi. Ni juu kabisa, mbele ya Nyundo, pale barabara inapojipenyeza kati ya vilima viwili kabla ya kuanza kuteremka upande wa pili. Sisi wa mjini, watoto wa washonaji na wachuuzi, tulipasikia tu. Dereva akirudi kutoka huko midomo imepasuka, anaomba chai kabla ya salamu, na watu wanamcheka: "Ulaya hawajambo?" Walisema mvua ikinyesha pale juu, maji mengine yanakuja ziwani kwetu na mengine yanakwenda mpaka Misri. Mimi sikusadiki. Maji yanajuaje njia?

Dada yangu aliolewa huko huko, ng'ambo ya Mlango. Mumewe alikuwa Mwislamu kama sisi, mtoto wa mjini, ila alikuwa amefungua duka la chumvi na vitambaa juu ya kilima, akakaa na mkewe peke yao kati ya wakulima. Mama hakulipenda jambo hilo hata siku moja. Kwake yeye watu wa mlimani walikuwa washamba, basi, hakuna la kuongeza. Na wao walikuwa na lao: Mswahili akikwambia mvua inanyesha, toa mkono nje kwanza. Ndivyo tulivyojuana miaka ile ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, kila mtu na mtaa wake.

Asubuhi moja lori la mizigo likasimama mbele ya baraza yetu. Dereva hakuzima hata gari.

"Mama, binti yako iko na uchungu tangu jana," alisema. "Mutoto anakataa kutoka. Bwana yake anasema mukuje haraka."

Baba alikuwa kwenye cherehani yake. Alisimama, akakaa tena, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na hakuweza kupanda hata ngazi ya msikiti. Mama alichukua kanga zake mbili, akavaa viatu vyake vya harusini maana ndivyo vilivyokuwa karibu, akanishika mkono. Tukapanda.

Jamani, ile barabara! Kila kona dereva anapiga honi kama mtu anayebisha hodi, asije akakutana na gari jingine uso kwa uso, na upande wangu hakuna kitu, ni bonde tu. Mikaratusi ikaisha, ikaja mianzi, ukungu ukatuingilia ndani ya gari. Nilipogeuka nyuma nikaona ziwa letu limekuwa dogo kama beseni. Nilikuwa msichana wa kuolewa na sikuwahi kuona kwetu kutoka juu. Nilipapenda, na papo hapo nikaona aibu kupenda kitu siku kama ile.

Chini kidogo ya Mlango udongo ulikuwa umeporomoka na kumeza barabara nzima.

"Bon, hapa ndiyo mwisho," dereva akasema. "Gari haipiti. Mi nitawangojea chini kwa daraja, hata mpaka kesho."

Tukaendelea kwa miguu. Mama na viatu vyake vya harusini! Aliteleza mara ya kwanza nikamshika, mara ya pili akakaa kwenye matope kitako, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. "Cheka, cheka," alisema. "Utaolewa mlimani na we." Lakini aliinuka, na tulipofika pale Mlangoni upepo ukatupiga kifuani, hakusimama hata kuvuta pumzi. Alikuwa anasoma dua bila kutoa sauti. Midomo yake niliiona.

Usiku ulikuwa umeingia tulipomkuta dada amelala ubavu, ameuma kanga. Mkunga wa kilima kile, mama mwenye mikono safi na maneno machache, alituambia wazi: hapa mimi nimefika mwisho, mpelekeni hospitali. Kulipopambazuka majirani wakaja na machela. Ni kitanda cha kusukwa, kirefu, kina miti miwili, kinakaa kwenye mabega ya wanaume wanne. Wao wanakiita ingobyi. Mkubwa wao alikuwa jirani mmoja mwenye mvi, mkulima wa viazi.

Tulipomlaza dada, mama akaleta mkeka, akaufunga juu yake kama paa, kisha akatandika juu ya mkeka kanga yake nzuri kuliko zote.

"Mama," yule mwenye mvi akasema kwa upole, "kwetu mgonjwa anabebwa uso wazi, watu wampe pole na wapokee. Anayefunikwa ni bibi harusi."

Mimi lugha yao niliishika kwa kuisikia sokoni, mama hakuijua, basi shemeji akamtafsiria. Mama alimtazama yule mzee kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yake mitupu.

"Mwambie binti yangu hataonekana na banaume ba njiani akiwa hivi. Siye tuko na stara."

Shemeji hakutaka ugomvi na mama mkwe. Nani anautaka? Tukaondoka hivyo hivyo.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa desturi yao, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotupata. Mgonjwa akipita njiani, kila mwanaume anayekutana naye anatua mzigo wake na kutoa bega. Watu wa kilima kimoja wanambeba mpaka kwenye mpaka wao, wa kilima cha pili wanampokea, na hivyo hivyo mpaka chini. Hawaombwi. Lakini machela ya bibi harusi haiguswi. Inabebwa na watu wa ukoo tu. Ukikutana nayo unakaa pembeni, unaimba, unatania, unaitakia heri, mwisho. Na wabebaji wa bibi harusi nao wana mchezo wao: wanalia kwamba ni mzito, kwamba anaumwa, ili wapewe maziwa.

Basi tukapanda. Wanawake wenye vikapu waliruka pembeni na kupiga vigelegele. Wabebaji wetu wakapaza sauti: "Ni mgonjwa! Ni mgonjwa!" Wakajibiwa kwa kicheko: "Mgonjwa wa mapenzi!" Wakatuona mimi na mama na kanga zetu, na shemeji na kofia yake, ndiyo ikawa vicheko kabisa. "Waswahili wanaoza leo!" Nani angetuamini? Kila tulivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Yule mwenye mvi akamgeukia mama mara moja, akamtazama tu, akaendelea kupanda.

Tulipofika Mlangoni wabebaji wetu walikuwa wamechoka kabisa. Mpaka wao ulikuwa pale. Na walikuwepo watu wa vilima vya upande wa kwetu, wengi, wanakwenda sokoni, wanaume na magunia ya viazi mabegani. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, tumepona, hawa watatupokea. Wakaweka magunia pembeni, wakajipanga kando ya njia, wakaanza kucheza. Mama mmoja mzee aliyekuwa na sauti kubwa akawaongoza kwa wimbo, mikono juu, anazunguka. Mwingine akaleta maziwa kwenye kibuyu. Wabebaji wetu wakatua machela chini, hawawezi tena, wanaeleza, na wenzao wanaimba juu ya maelezo yao.

Ndipo tukasikia sauti kutoka chini ya mkeka.

"Mama. Nifunue. Ninakufa humu ndani na batu banacheza."

Mama alisimama. Nilimwona anatazama ile kanga. Kisha akaivuta, akaung'oa mkeka kwa mikono miwili mpaka kamba zikakatika, akautupa. Dada alikuwa na rangi ya majivu, midomo imetoka damu kwa kuumwa na meno yake mwenyewe, na nywele zote nje. Alifumba macho kwa sababu ya mwanga.

Wimbo ulikatika katikati. Yule mama mzee alibaki na mikono juu. Halafu akaishusha, akasogea, akamwinamia dada na kusema, "Komera," jikaze, na nyuma yake mmoja mmoja wote wakasema hivyo hivyo. Wanaume wakayaacha magunia yao palepale njiani, mali ya mtu, viazi vya msimu mzima, wakaweka mabega chini ya miti. Mama aliipasua ile kanga vipande vinne, akakunja kila kipande, akawapachika mabegani chini ya mti, mmoja baada ya mwingine, wanaume ambao jana asingewapa hata kiti. Tukateremka karibu kwa mbio. Wakipokezana hawakusimama. Yule mwenye mvi ilikuwa arudi kwao, hakurudi. Kwenye daraja dereva alikuwepo, mtu wa maneno yake. Machela ikapandishwa kwenye lori, na wao wakapanda nayo, wanaume na yule mama mzee, wakakataa kushuka.

Dada alijifungua alasiri hospitalini, mtoto wa kiume. Alilia. Mimi nilimsikia kutoka uani, kilio kidogo, kimoja, na wale watu wa mlimani wakashikana mikono. Magharibi haijafika mtoto alikuwa amekwenda kwa Mungu. Dada alipona.

Mama alitoka akaketi chini ukutani. Hakulia kwanza. Yule mama mzee akaja akaketi karibu yake, akasema neno kwa lugha yao, akalirudia. Mama akanitazama.

"Anasema nini?"

"Anasema makosa ni yao. Wangetupokea mara moja, lakini wakaimba."

"Hapana!" mama alipiga kelele, akamshika yule mama mabega yote mawili. "Mwambie hapana! Ni mimi nilimufunika! Mwambie!"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa: sisi tuliimba. Mama naye: mi nilifunika. Wakawa wanagombania hivyo, kila mmoja anavuta kwake, na mimi katikati natafsiri huku sioni kwa machozi, mpaka wote wawili wakachoka wakalia pamoja, vichwa vimegusana.

Walilala kwetu. Asubuhi baba na shemeji walimwosha mtoto, wakamvika sanda. Mtoto kama yule baba yake anampakata tu mikononi mpaka makaburini, ndivyo tunavyofanya. Shemeji alitoka naye barazani, na pale nje akawakuta wabebaji wanne wamesimama, machela imeoshwa, iko mabegani tayari.

Mwalimu wa msikiti alitaka kusema jambo. Yule mwenye mvi akamtangulia, akazungumza na shemeji.

"Tulimtoa nyumbani kwenye mabega yetu," alisema. "Hatujamfikisha."

Shemeji akatafsiri, na watu wote wakamtazama baba. Baba, na miguu yake ile, alishuka ngazi ya baraza, akamchukua mjukuu wake kwa mkwewe, akamlaza mwenyewe kwenye machela.

"Haya, twendeni," alisema.

Wanawake hatuendi makaburini. Tulisimama barazani, mimi, mama na yule mama mzee, tukawatazama wakipanda barabara. Wanaume wa mtaa wetu walikuwa wanatoka kila nyumba, wanaingiza bega, wa mlimani na wa mjini wamechanganyika. Mzigo wenyewe ungekaa kwenye mkono wangu mmoja, na walikuwa wanaubeba watu wanne wanne, wakipokezana.