Bwawa Nililoliandika Kuwa Limekufa

Katikati ya miaka ya tisini nilirudi Ifakara na stashahada ya mambo ya maji, ya kwanza katika ukoo wetu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisoma kwa jasho la kubeba magunia ya mpunga. Nilipopewa kazi ya kupima sehemu za mto zilizo hatarini zaidi, ili ziorodheshwe zilindwe, nilikatiza Kibaoni na sanduku la vipimo begani, kichwa juu.

Upande wa Lupiro kulikuwa na bwawa ambalo mafuriko hulijaza, kisha kiangazi hulitenga na mto. Kijiji kilitaka kuchimba mfereji, maji yatoke, walime mpunga. Walisubiri tu fomu yangu iwaruhusu. Nikachota maji, nikatia dawa kwenye chupa, nikasoma rangi: hewa ndani ya maji karibu hakuna. Nikaandika: "Limekufa. Halina cha kulindwa."

Shangazi yangu, ambaye kila kiangazi aliishi kwa samaki wa bwawa lile, alinikuta nafunga sanduku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana chupa. Umeonaje?"

"Humu hamna samaki. Hewa imekwisha."

Akacheka mpaka kanga ikamlegea. Akaikaza, akaingia kwenye tope la magotini, akapapasa kwa vidole vya miguu, akainama. Akaibuka na kambale mnene kama mkono wangu.

"Maiti gani huyu anapiga mkia? Haya, mpime!"

Kambale huja juu kuvuta hewa kama sisi. Nilifundishwa chuoni, tena kwenye mtihani nilijibu vizuri sana. Shangazi akaendelea: mvua zikianza, mto hulifikia bwawa, na hao waliosalimika topeni ndio hutaga, watoto wao huingia mtoni.

"Ukilikausha, mto utazaa na nani?"

Fomu niliichana palepale. Kesho yake, kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja akanitania: "Jana limekufa, leo limefufuka?"

"Jana nilikosea, mzee. Leo najua."

Nikawaeleza habari za kambale, kuanzia pumzi hadi mayai, na hakuna aliyesinzia. Bwawa nikaliweka juu kabisa ya orodha ya sehemu za kulindwa, nikatia sahihi yangu kwa herufi kubwa.

Mfereji haukuchimbwa. Shangazi alipoingia tena bwawani na wenzake, nilimsikia akiwaambia, "Hili kaliokoa mtoto wa kaka yangu."

Sikumsahihisha.