Chupa Inakaa Chini

Daktari Yolande Zagabe hupasua vifua hapa Bukavu, lakini ukikutana naye sokoni utadhani anafundisha watoto wa chekechea. Mfupi, mpole, sauti ya chini. Mimi Modeste, nesi wake, ndiye mwenye hasira. Lazima mmoja wetu awe nayo.

Mwezi uliopita alimfungua kifua Carine, binti wa mtaa wa Cimpunda, ambaye usaha ulilibana pafu lake la kushoto hata likasinyaa. Akalisafisha, kisha akamwachia mbavuni mpira unaoshuka hadi kwenye chupa ya maji sakafuni. Chupa hiyo hupokea uchafu na hewa kutoka kifuani. Ukiiinua juu ya kitanda, maji yanarudi ndani na kuharibu kila kitu. Na Carine hakuwa na nguvu ya kupasuliwa mara ya pili. Daktari alituambia hivyo waziwazi.

Jumapili wakaja mama wa kanisani, vitenge sare. Nilitoka kufuata dawa, nikarudi pamoja na daktari. Maman Joviale, kiongozi wa maombi, alikuwa ameinua chupa juu kwa mikono miwili, anaikabidhi kwa Mungu. Maji yalishaanza kuingia mpirani. Nikafungua mdomo nimfokee.

Daktari alinipita. Akaubana mpira kwa vidole, akapiga magoti.

"Maman Joviale," akasema taratibu, "chupa tunaiombeaka chini. Mukuje, tupige magoti wote."

Mama akashuka, na chupa ikashuka naye. Wenzake wakafuata, vitenge vikajaa sakafu niliyotoka kuipiga deki. Chupa ilipotulia ndipo Yolande alipoachia mpira, akamsikiliza Carine kifua huku maombi yakiendelea. Pafu lilikuwa linavuta hewa vizuri. Nilifurahi hata nikasahau kugomba.

"Sasa chupa iko yako, Maman," daktari akamwambia. "Mutu asiiguse."

Kuanzia hapo Maman Joviale alishinda pale kila siku, juu ya kigoda chake. Hata mimi nikija kuibadilisha, ananiuliza: "Dokta anajua?"

Juzi mpira ulitolewa. Carine akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kwaya yao bila kukata pumzi, na mimi nikalia mbele za watu. Maman Joviale akambusu, akabeba kigoda, akakiweka kando ya chupa ya mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu asiyemjua hata jina. Akaniangalia aone kama ninapinga. Nikamletea mto wa kukalia.