Sauti ya Fundi Saa

Fundi saa yule watu walimwita Kituo, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na kila sentensi yake ilipita vituo vingi kabla ya kufika. Basi alizoea kusema kwa mikono. Akipokea saa huisogeza sikioni, huinua vidole viwili, na mteja anaelewa kwamba aje keshokutwa. Walipokuwa wadogo, dada yake mkubwa ndiye aliyemsemea dukani, wakati mwingine hata kabla hajaamua anataka nini.

Dada huyo alikuja kuwa mpokea simu wa hospitali. Kwa miaka mingi wagonjwa na jamaa zao waliijua sauti yake bila kuijua sura yake. Kisha presha ya macho ikamwingia polepole, kama ukungu unavyoingia chumbani dirisha likisahauliwa wazi. Alipostaafu, akiwa mjane, alihamia kwa mdogo wake ambaye hakuwahi kuoa. Vyumba vyao vilitengwa na ukuta mmoja mwembamba.

Kilichobaki kumfurahisha ni muziki. Mwanawe aliyekuwa akiishi mbali alimpa kicheza muziki kidogo cha kutosha kiganjani, kimejaa nyimbo tele. Lakini sasa kioo chake kilikuwa doa la mwanga tu. Akitafuta wimbo wa ujana wake anaangukia mahubiri, akiyakimbia mahubiri anajikuta amebadilisha lugha ya kidude kizima.

"Mimi niliyekuwa nawaunganisha watu," alimwambia mdogo wake siku moja, "leo siwezi kujiunganisha na wimbo."

Maneno yale yalimkaa Kituo kama punje ya mchanga ndani ya saa. Akaenda kwa mama mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Mama huyo akamweleza kwamba wapo watu waliotunga mfumo mwingine wa kuendeshea vidude kama kile, wakautoa bure. Ukiuweka badala ya ule wa kiwandani, kidude kinakutajia kwa sauti kila unachokigusa. Akamwonya pia kwamba kazi ikikatika katikati, kidude kinaweza kufa kabisa.

Kituo alimuuliza dada yake kwanza. Dada akasema kwamba kwake yeye kilikuwa kimeshakufa nusu, kwa hiyo aendelee tu.

Yeye na yule mama wakakiunganisha na kompyuta pale kibandani. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika kati, ukasimama. Kioo kikawa cheusi. Kituo alirudi nacho nyumbani mfukoni, akikishika njia nzima kama mtu aliyebeba ndege mgonjwa. Kesho yake yule mama aligundua kwamba waya ndio uliokuwa umelegea. Akatumia mwingine, akambonyezesha Kituo vitufe viwili kwa pamoja, na kioo kikawaka.

Kilizungumza kweli, lakini sauti iliyokuja nayo ilitamka Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Hata hivyo mfumo uliruhusu mtu kurekodi maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Yule mama akashauri atafutwe mtu mwenye sauti nzuri. Kituo akatikisa kichwa, akaazima kinasa sauti na kompyuta ndogo, akaenda kujifungia chumbani.

Alitundika blanketi mlangoni. Kisha akazisimamisha saa zote za ukutani, moja moja, ili milio yake isiingie. Chumba kikatulia kama maji ya mtungi. Mwanga wa mchana ulikaa palepale juu ya meza, na yeye akawa anasema: wimbo, msanii, mbele, nyuma, ongeza sauti. Alipomaliza alikaa akichambua vigugumizi kama achambuaye mchele, akiviondoa kimoja kimoja. Kilichobaki ni sauti ya mwanamume mtulivu, mwenye maneno yaliyonyooka. Kituo alimsikiliza tena na tena. Alimpenda. Akawaza mtu yule angekwenda wapi, angemposa nani, angebishana na nani akashinda.

Dada yake akapewa kidude, akabonyeza, akasikiliza, akakunja uso.

"Nani huyu?"

"Ni... ni mi-mimi."

"Ana sauti nzuri," dada akasema, "lakini simjui. Sitaki kuongozwa na mgeni."

Kituo alitoka. Siku zilizofuata walisalimiana tu, na saa za ukutani hakuziamsha. Dada, aliyezoea kujua wakati kwa milio yake, akawa anaamka bila kujua kama ni asubuhi au alasiri, akahisi nyumba nzima inaelea.

Mwishowe alipapasa ukuta mpaka chumbani kwa mdogo wake, akaketi kitandani. Akamwambia kwamba tangu utotoni amekuwa akimsemea bila kumuuliza, na juzi tena amemkatalia sauti aliyojichagulia. Kama anampenda mtu yule wa ndani ya kidude, basi na akae.

"Tu-turekodi tena," Kituo akasema. "Lakini usi-usinimalizie."

Wakarekodi pamoja. Neno "msanii" lilikwama mara kadhaa, na dada, aliyezoea kumkamilishia kila kitu, alijibana midomo na kushika ncha ya shuka mpaka neno likafika lenyewe. Hawakukata chochote. Sauti ile nyingine Kituo aliihifadhi kwenye kadi ndogo, akaitia ndani ya droo ya vipuri. Mpaka leo, mara mojamoja akiwa peke yake, huisikiliza. Siku ileile, kurekodi kulipokwisha, akaanza kuzitia saa ufunguo, na chumba kikajaa mapigo.

Ukungu machoni mwa dada ulifunga kabisa mwaka uliofuata. Alasiri za mvua hulala na kidude kifuani, akipita kutoka wimbo hadi wimbo, wala hafiki mwisho. Siku nyingine usingizi humchukua, muziki unaendelea, na Kituo akiwa mezani, jicho kwenye kioo cha kukuzia, husikia sauti yake mwenyewe ikitoka ng'ambo ya ukuta: "Be-betri inakwisha."

Huweka chini koleo lake, akaenda kuchomeka chaja.