Mpango wa Shahada Uliopangwa Kuanzia Mwisho

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, nikastaafishwa nikiwa na ishirini na mitatu. Msicheke. Wazee wa reli wakistaafu hupewa saa na hotuba, kisha vijana huwazunguka wasimuliwe mambo ya zamani. Mimi sikupewa saa wala hotuba, kwa hiyo nasimulia bila kungoja kuombwa, hasa kwenu wasichana mnaopenda hesabu.

Siku ya kwanza niliingia ofisi ya elimu hapa Tabora na viatu vya kuazima, vumbi la mtaa wetu wa Isevya likiwa bado kwenye visigino. Karani Mkuu, mzee wa mjini mwenye kanzu iliyonyooshwa kwa pasi mpaka inakata, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akanionyesha mashine ya taipu. Miezi sita ya kwanza nilikuwa masjala, chumba cha majalada, na huko nilijifunza kwamba barua iliyopotea haikupotea. Imekaliwa na mtu. Kisha nikahamishiwa meza ya masomo ya juu.

Meza hiyo ilikuwa dirishani, na dirishani ilionekana njia ya zamani ya misafara, ukanda mweupe wa mchanga unaokwenda pwani. Adhuhuri, jua likikolea, ukanda ule uliinuka kidogo kutoka ardhini ukaelea. Nilikuwa nikipiga taipu huku naota. Bei ya asali sokoni ilipanda na kushuka kichwani mwangu kama mgongo wa mtu anayepumua usingizini, na nilijua kuna hesabu inayoweza kuufuata mgongo ule bila kumwamsha mwenyewe. Nilimaliza darasa la kumi na mbili nikiongoza hesabu, wavulana wakiwemo. Nilitaka shahada ya hesabu na uchumi pamoja. Sikutaka kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anayeomba chuo kikuu alijaza mpango wa masomo, karatasi ya safu tatu, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, mimi nikaupiga taipu, na chini Bwana Elimu, Mzungu mkuu wa ofisi, akatia sahihi. Waliotaka kuchanganya hesabu na uchumi, fomu zao zilirudi kutoka chuoni zimekatwa kwa wino. Sikuelewa kwa nini, nikamwuliza Karani Mkuu. Babu yake alikuwa kirongozi, mtu anayetangulia msafara na kujua vituo vyote.

“Babu hakupanga safari kuanzia hapa,” alisema. “Alianza mwisho. Ukilala pwani leo, jana ulilala wapi? Na juzi? Hivyo hivyo anarudi nyuma mpaka Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na maji, na hapo ndipo anajua vibuyu vijazwe kituo gani. Anayepanga kwa kutazama mbele, binti, hukumbuka kibuyu akishashikwa na kiu.”

Nikachukua fomu moja iliyorudi, nikaanza na mwaka wa tatu. Huko kuna nadharia ya bei, ambayo ni nyika kavu kabisa. Huvuki bila kalkulasi, yaani hesabu ya kitu kinachobadilika huku unakitazama. Basi kalkulasi ikae mwaka wa kwanza, na takwimu mwaka wa pili. Waombaji walikuwa wakianza na uchumi kwa sababu wanaupenda, hesabu wanaisogeza mbele kama dawa chungu. Fomu zilizofuata nilizipanga hivyo, nazo hazikurudi. Bwana Elimu akamwita Karani Mkuu kumpongeza. Mzee akanionyesha mimi kwa kidevu. Bwana Elimu hakukifuata kidevu.

Mwaka wa nne nikajaza yangu. Wakati huo nilikuwa nimeolewa na fundi wa reli. Bwana Elimu aliisoma mara mbili.

“Nani amekupangia?”

“Nimejipangia. Na hizo nyingine zote unazotia sahihi.”

“Umeolewa, Bibi.”

“Fomu haiulizi hilo.”

Akaiweka pembeni. Baada ya wiki mbili tumbo likaonekana, na kanuni ya ofisi ilikuwa kwamba mwanamke mwenye mimba anaacha kazi mwisho wa mwezi. Kabla sijaondoka, akanirudishia ile fomu, akaniagiza niipige upya nikiweka jina la Mwalimu Luhende, mwalimu wa shule ya Igalula. Alisema ni mpango mzuri, ni hasara kuupoteza.

Nikaipiga. Nilipofika kalkulasi nikaihamishia mwaka wa tatu. Mstari mmoja tu. Fomu ingerudi, na ingerudi nafasi zimeshajaa. Sikuona aibu hata chembe, nisiwadanganye.

Mwalimu Luhende alikuja na treni ya asubuhi kutia sahihi yake. Mtu mzima, koti limechakaa mikononi, amebeba kuku wa shukrani kwa ajili ya ofisi nzima. Nikampa karatasi. Hakuisoma.

“Soma kwanza,” nikasema.

“Nisome nini, dada? Wanasema wewe ndiye unayeijua njia.”

Nilitazama dirishani. Ule ukanda mweupe ulikuwa umetulia kabisa. Nikawaza kirongozi anayewaambia watu mia kwamba maji yako mbele, naye anajua hayapo. Nikamwomba ile karatasi, nikaichana mbele yake, nikakaa kuipiga tena kama ilivyotakiwa. Kisha nikamwambia yote, pamoja na ule mstari, na kwamba mpango ni wangu. Alimweka kuku sakafuni, kuku akaanza kulalamika.

“Nikulipe nini?”

“Kila muhula, nakili maelezo ya darasani. Yote. Usiruke hata zoezi moja.”

Ameyaleta. Nilizaa mapacha, Kulwa na Doto, na bahasha ya kwanza ilifika wakiwa na miezi mitano. Nimesoma kalkulasi mmoja akinyonya, mwenzake akivuta karatasi. Wakati mwingine jikoni, mvuke ukipanda, naona kistari kinajipinda hewani na ninajua mteremko wake kila mahali. Karatasi za mtihani wa mwaka wa kwanza nilizifanya mezani, mume wangu akishika saa, naye ni mkali kuliko stesheni masta. Luhende alisahihisha. Aliandika kwamba nimempita, na kwamba ameudhika kidogo.

Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe. Kazi niliifanya vizuri. Niliwavusha wengine, nikaachwa kituoni.

Juzi nikasikia Bwana Elimu amehamishwa, amekuja mwingine. Nikawafunga watoto, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, nikaenda na karatasi zangu na fomu mpya. Bwana mpya akazisoma ukurasa kwa ukurasa. Halafu akauliza nani atawalea hawa nikiwa chuoni.

“Wewe unao wangapi?” nikamwuliza.

“Watatu.”

“Ulipokwenda chuo, na kazini, na kuja huku ng'ambo, nani alikuuliza hivyo?”

Karani Mkuu, aliyekuwa mlangoni, akapata kikohozi. Bwana yule mpya alishika kalamu, akaiweka chini. Akasema nirudi Jumatatu, nije na barua ya mume wangu.

Barua imeshaandikwa. Niliiandika mimi, kwa kuwa mwandiko wake ni mbaya, yeye akatia sahihi na kukubali kwamba watoto watabaki na mama yake mzazi. Leo ni Jumamosi. Nimefua gauni, liko kambani, na upepo unaotoka upande wa pwani unalikausha upesi.