Matairi Mawili ya 900 Kwenye Lori la Baba

Enzi zetu pale Ilala mtoto hakununuliwa gari la kuchezea; alikuwa na tairi. Tuliyaokota nyuma ya gereji, matairi yaliyokwisha kabisa, tukayasukuma kwa viganja mpaka vikawa vyeusi kama masizi, tukishindana kutoka bomba la mtaa hadi genge la Bi Mwajuma, ambako mihogo ya kukaanga ilitungoja na pilipili ya kutoa machozi. Vijana wa leo wanaendesha malori ya kwenye simu kwa kidole gumba, wamelala kwenye kochi, halafu wanalalamika mgongo. Sisi tulijua kwa miguu yetu kwamba tairi refu hufika kwa mizunguko michache, na kwamba ukifunga refu na fupi pamoja kwa kamba hayanyooki. Yanapinda na kukugeukia magotini.

Leo nina stashahada ya ufundi wa magari niliyoisotea ng'ambo miaka ya baridi kali, na gereji yangu mwenyewe Buguruni, niliyoijenga bila mjomba wala kimemo. Sina haja ya kujificha. Kwa hiyo naweza kusimulia siku ambayo mimi, niliyekuwa wa kwanza darasa la sita na sikujua kushika nafasi ya pili, nilikaribia kumuua mama yangu.

Baba alikuwa na lori la zamani la magurudumu sita: mawili mbele, na nyuma pacha mawili kila upande. Lilitumia tairi la 825-20. Hakusoma, na mambo ya namba aliyaacha kwangu kwa fahari, hata mbele ya wenzake. Basi matairi mawili ya nyuma, ya nje, moja kila upande, yakapasuka wiki ileile habari ilipokuja kwamba Bibi ni mgonjwa sana kule Lindi. Mama alitaka kumuwahi. Na mawingu ya kusini yalikuwa yameanza kujikusanya. Mvua ikishuka, barabara ya Rufiji ilikuwa haipitiki kwa wiki nzima nzima.

Siku hizo tairi lilikuwa adimu kuliko nyama. Tulizunguka Kariakoo yote, tukipishana na harufu ya iliki na dagaa, mpaka duka la Bhai Nathu, mzee wa Kihindi aliyevaa miwani iliyofungwa uzi.

"825 hakuna kabisa," alisema. "Iko 900-20, mbili tu. Wewe tazama mwenyewe."

Baba akanigeukia. "Haya, msomi wangu. Yanaingia?"

Nikatazama namba ya mwisho. Ishirini na ishirini. "Yanaingia, Baba. Yanalingana."

Kuingia yaliingia. Namba ya mwisho ni ya ringi, na ringi ilikuwa ileile. Athumani, utingo wa Baba, akayafunga pale yalipotoka yale mabovu, moja kila upande, ili lori lisielemee. Tuliona tumetenda haki.

Kesho yake asubuhi lori lilikuwa Kariakoo likipakia unga na sukari. Mama alikuwa keshakaa mbele, mdogo wangu akiwa mapajani, kanga ya safari kichwani. Juu ya magunia wangepanda abiria wengine, kama ilivyokuwa kawaida. Mimi nilikuwa nibaki na Shangazi. Magunia yalipofika nusu, Baba akarudisha lori nyuma kidogo, likapita kwenye tope la mfereji.

Nikaangalia alama. Pacha mbili zilipaswa kuacha mistari miwili kila upande. Uliachwa mmoja, wa tairi jipya. Lile la ndani, la zamani, halikugusa tope.

Mchezo wetu wa mtaani ulikuwa umenifundisha, na nikausahau kwa sababu ya kujua hesabu: namba ya kwanza ni ya unene, na tairi la 900 si nene tu kuliko la 825, ni refu pia. Mzigo wote wa nyuma ulikuwa umebebwa na matairi mawili badala ya manne. Yangepata moto. Yangepasuka porini, Mama akiwa ndani.

Nikasimama dirishani mwa lori. "Baba, nimekosea."

"Umekosea nini? Tunachelewa."

"Matairi. Nilisoma namba ya mwisho tu."

Wapagazi wakacheka. Kiongozi wao akapaza sauti, "Mzee Saidi, huyo hataki mama yake aondoke! Mpe kashata anyamaze!"

"Si ulisema yanalingana?" Baba aliuliza, taratibu. Afadhali angenizaba kibao.

Akashuka. Akatazama tope, akatazama mawingu. Akachukua kipande cha boksi, akakipitisha chini ya lile tairi la zamani. Kikatokea upande wa pili bila kukwama. Kicheko kikakatika.

"Sasa tufanyeje?" alisema Athumani. "Mengine hakuna."

Walikuwa wanasubiri Baba aseme. Nikasema mimi. "Yale marefu yaende mbele, yote mawili. Mbele hayana pacha. Yaliyoko mbele yaje nyuma, yalingane na wenzake."

"Tushushe tena?" wapagazi wakalalama. "Mzee, mgongo huu si chuma!"

"Shusheni," Baba akasema.

Jua lilipanda. Jeki iliingia chini, spana zikalia, Mama akasimama kivulini akihesabu mawingu. Tulipomaliza Baba alikata usukani mpaka mwisho, kulia, kushoto, huku nimelala chini kuona kama tairi jipya linasugua madigadi. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja. Ilitosha. Wakaondoka kwenye saa nane, na Baba hakuniaga.

Hapakuwa na simu. Mvua ilishuka siku ya tatu. Shangazi alinilazimisha kula. Wali ulikuwa kama mchanga. Kila honi ya lori nilitoka mbio, kila honi haikuwa yetu.

Siku ya tisa ilikuwa yetu. Mama aliteremka akisema Bibi amekunywa uji kwa mkono wake mwenyewe. Nilitaka kumkimbilia, Baba akaniita kwanza nyuma ya lori. Akanishika kiganja, akakibandika kwenye mpira wa tairi, kisha kwenye la pili, la tatu, la nne.

"Unasikiaje?"

"Vuguvugu, Baba. Yote sawa."

"Basi," akasema. "Msalimie mama yako."

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea lori kuukuu ambalo saizi ya matairi yake haitengenezwi tena, akanionyesha simu: "Injinia, hapa inasema inaingia." Nikamwambia kuingia si kufanya kazi. Nikakokotoa kimo, upana na uzito, nikampa matairi sita sahihi, kazi ambayo mjini hapa wanaiweza wachache. Akaenda Mtwara. Siku hizi ni lami, alifika mapema, akanitumia picha ya tairi na maneno mawili: "Poa sana."

Nimefurahi, kwa nini nisifurahi? Lakini nilikaa kwenye benchi la gereji nikaikuza ile picha, nikaipunguza, nikaikuza tena. Hakuna aliyerudi kunishika mkono.